Bwawa Halipwi

Ijumaa, baada ya sala, Kurayati yote imehamia bwawani:
mikeka, majiko ya mkaa, watoto na maboya yao,
na sisi, gari tatu kutoka Maskati,
na mishkaki, na mkate wa kumimina uliofungwa kwa kanga,
na Bi Shinuna kiti cha mbele.

"Wadi Dhaiqa," akasoma kibao, akacheka.
"Bonde la Dhiki. Na nyie mmekuja kustarehe."
Kisha akayaona maji, akanyamaza.
Buluu iliyokaa katikati ya majabali makavu
kama kitu kilichosahauliwa na mwenyewe.

Kibao cha pili kinakataza kuogelea.
Mtu mweusi, mstari mwekundu juu yake.
Alikitazama mno,
yeye aliyekuwa, huko Wete,
akipiga mbizi kufuata sarafu za mabaharia.

Khalfani akakodi boti ya kukanyaga, riali mbili nusu saa,
yenye shingo ya bata na jicho moja lililobabuka rangi.
Tukamvisha jaketi la machungwa juu ya abaya.
Akakanyaga. Goti la kulia likilalamika, la kushoto likitii.
Tulipofika katikati akasema, basi.
Akachovya vidole, akaonja.
"Hayana chumvi."
Akangoja kidogo.
"Yanapwa saa ngapi?"

"Bibi, hili bwawa. Halipwi."
Akamtazama Khalfani kama mtu anayepunjwa sokoni.

Gatini akamuuliza mlinzi, mzaliwa wa Mazara,
Hamduni, mwenye filimbi shingoni.
Yeye hakucheka. Akaonyesha jabali la ng'ambo:
mistari myeupe, mmoja juu ya mwenzake,
kama ndani ya kikombe kilicholala na chai.
"Yanapwa, mama. Yanapwa miaka mitatu,
jua linakunywa, mitende yetu inakunywa.
Halafu inakuja tufani ya usiku mmoja
na alfajiri yako pale juu."

"Miaka mitatu kupwa," akasema Bi Shinuna,
"usiku mmoja kujaa."
Akahesabu kitu kwa vifundo vya vidole,
akakosea, akaanza tena.
Hatukumuuliza. Nyama ilikuwa inaungua.

Nilipogeuka alikuwa ameinama ukingoni,
mahali alipovua makubadhi yake.
Akayabeba, akapanda nayo jiwe la kwanza, la pili,
mpaka la tano,
akayaweka pamoja, visigino vikitazama maji,
ndipo akaja kula.