Mshiriki wa Saba

Ramani yangu ilikuwa nzuri, nisiseme uongo.
Miezi minane nimeipika Kijitonyama,
kwenye chumba cha kiyoyozi, seva zikikoroma,
na vihisi kumi na viwili bondeni Msimbazi
vikinitumia tarakimu kila robo saa
kama wadeni waaminifu.
Nikazitandaza zikawa rangi:
buluu ya ngazi saba,
hafifu pale maji yanapolamba nyayo,
nzito pale yanapomeza mtu.
Profesa Nsajigwa alishusha miwani. "Hii inasomeka."
Inasomeka na nani, hakusema.
Nami sikuuliza.

Kigogo, saa nne asubuhi.
Wa kwanza mpaka wa sita walinijibu kwa adabu,
nzuri, nzuri, nzuri sana mwanangu,
adabu ile inayoua utafiti.
Wa saba alikuwa Bi Siwema Pazi,
muuza chapati, unga mpaka viwikoni.
Nikampa kishikwambi. Kazi ya kwanza: tafuta nyumba yako.
Akagusa kwa kidole cha unga.
Ramani ikaruka, ikapita Kigamboni,
ikatua baharini, mahali pasipo na mtu.
"Umenihamisha," akasema, "na fidia sijapewa."

"Na hii buluu?"
"Kina cha maji, mama. Ikikolea, maji yamezidi."
"Maji ya buluu nimeyaona kwenye kalenda.
Ya hapa huja na rangi ya chai ya maziwa,
yamebeba godoro, kuku, kandambili ya mguu mmoja.
Haya yako yangekuja, ningeyachota nikanywa."

Fomu yangu ina safu tatu: Muda. Mibofyo. Makosa.
Kalamu ikasita kwenye ya tatu.
Makosa ya nani, fomu haisemi.

"Njoo uone yangu," akasema.
Fremu ya mlango. Kushoto, penseli:
Zamda miaka minne. Zamda mitano. Zamda saba.
Kulia, mkaa: vuli ile, masika yale.
"Wa sita uko wapi?"
"Wa sita hatukupima. Tazama kulia."
Mstari wa mkaa ulipita wa nne, ukapita wa tano,
ukapita kiwiko changu nikiwa nimesimama.
"Alilala juu ya kabati siku mbili.
Aliposhuka alikuwa amekua, lakini nani alikuwa na penseli?"

Mimi, tarakimu ikikosekana,
huijaza kwa wastani.

Usiku ule nilifuta buluu yote.
Nyumba mia tatu, nikachora milango mia tatu,
kila mlango na mkaa wake.
Profesa akauliza mhimili uko wapi, kipimo ni kipi.
Nikamwambia kipimo kina miaka tisa,
kinasoma darasa la tatu.
Hakucheka. Aliniongezea wiki mbili.

Nikarudi. Safari hii Bi Siwema alijifuta kwanza kwenye kanga,
akaupata mlango wake kwa mguso mmoja,
akaukazia macho kama anayekagua chenji.
"Huu wako unafunguka nje.
Wetu unafunguka ndani. Ndiyo maana maji hayapigi hodi."
Nikaandika. Mkono ulinitetemeka kidogo, wa furaha,
nami nikaona haya kwa furaha ile.

"Na wa masika haya," akauliza, "utauchora wapi?"

Jibu nilikuwa nalo, lenye desimali mbili
na mpaka wa juu na mpaka wa chini.
Nikaweka kidole kwenye fremu: hapa, mama.
Nikaweka cha pili: au hapa.
Zamda alikuwa ndiyo kwanza anatoka shule,
akaja kusimama pale, begi mgongoni,
kama alivyozoeshwa, visigino vikigusa mbao.
Kati ya vidole vyangu viwili palikuwa na shingo yake.

Bi Siwema akainama jikoni, akaokota mkaa.
Akauchora wa chini.
Akanisogeza mkono,
akauchora na wa juu.