Fomu ya Kitanda cha Kumi na Nne

Saa kumi na moja alfajiri, umeme umekatika tena Bukavu,
naingia wodi ya wanaume, simu yenye tochi mdomoni,
mkono mmoja fomu, mkono mwingine mapigo ya moyo.
Utafiti wetu unauliza jambo dogo:
kati ya walioletwa kwa homa, kwa figo, kwa sukari,
ni wangapi ambao akili zao hutoka nje usiku
bila kumuaga muuguzi wa zamu?

Zihalirwa. Miaka sabini na mmoja.
Zamani fundi saa, Kadutu.
Mkojo una usaha, joto thelathini na tisa nukta mbili.

— Muzee, hapa ni wapi?
— Kwa fundi viatu. Funga mlango, mvua inaingia.
Hakuna mvua. Chumba hakina mlango, kina pazia.
Naandika sifuri.
Anaushika mpira wa serumu kwa vidole viwili,
anauvuta polepole, pumzi kaibana,
kama anayenyanyua springi nyembamba
kutoka tumboni mwa saa ya mteja.
Naandika: anahangaika.
Fomu haina kisanduku cha ustadi.

Binti yake Cibalonza amekalia ndoo iliyopinduliwa.
Yeye alijua kabla yetu, tangu Jumanne:
"Aliniambia asante kwa uji.
Baba hasemagi asante."
Nimeliandika hilo pembeni, kwa penseli.

— Nihesabie miezi, anzia Desemba, rudi nyuma.
— Desemba. Novemba.
Oktoba.

Oktoba.

Anatazama dirisha, upande wa Ruzizi.
Nangoja sekunde thelathini, mwongozo unavyotaka,
kisha thelathini nyingine ambazo mwongozo hauzijui.
Cibalonza ananigusa kiwiko:
"Muache hapo. Hata akiwa mzima, Oktoba havukagi."

Safu ni mbili tu: amepata, amekosa.
Mwezi ule, mwaka ule, nilikuwa na miaka sita,
mgongoni mwa shangazi, kiatu kimoja,
na hadi leo sijui cha pili kilidondokea wapi.
Nikaruka mstari.
Mtakwimu ataniandikia: hapa pana pengo, tafadhali eleza.

Siku ya nne dawa ikashika.
Nikamkuta amenyolewa, anakoroga uji mwenyewe,
anagombana na binti kwamba hauna sukari,
na binti anacheka hadi machozi, kwa sababu amegombezwa.
Mvua haikumbuki. Wala fundi viatu.

— Ni wewe mwenye maswali? Na mimi nina moja.
Leo tarehe ngapi?
Nilikuwa nimeunganisha zamu mbili.
— Kumi na saba, nikasema.
— Kumi na tisa.
Akanikamata kifundo cha mkono, akasogeza sikio
kwenye saa yangu, akasikiliza kimya chake.
— Jiandikie sifuri, akasema.
Halafu vua hiyo, uilete hapa.