Kisigino Nje

Wiki ya kwanza nilianguka mara tatu,
na zote nikiwa nimesimama.

Nieleweke. Si mteremkoni,
si kwenye yale mawe ya kale ya kupanda kilima
yanayotikisa meno mpaka ufizi uombe radhi.
Nimesimama. Taa nyekundu, mbele ya bucha la Verhaeghe,
baiskeli tuli, nami juu yake
kama ngazi isiyo na ukuta.
Mguu ukaitaka ardhi. Kiatu kikakataa.
Nikaenda upande, polepole,
nikapata hata muda wa kusoma bei ya soseji dirishani,
kisha pu.

Verhaeghe akatoka na aproni yake ya damu.
Umeumia? Kiwiko kidogo, nikamwambia,
heshima zaidi.
Akanifungia mfupa wa supu. Hakutaka hela.

Nina miaka hamsini na mitatu.
Nasafisha meno ya watu hapa Oudenaarde,
na kutwa nzima nawaambia watu wazima: legeza taya,
pumua, hakuna cha kuogopa.
Kumbe maneno hayo huwa matamu
kwa anayeyasema tu.

Machteld, binti wa dada yangu, anayeshindana kila Jumamosi
na mapaja yake yamejaa makovu kama ramani,
aliniegemeza kwenye ukuta wa gereji yao.
Manyunyu. Harufu ya oili na majani mabichi.
"Nasa," akasema. "Nasua. Nasa. Nasua."
Ncha ya kiatu mbele, kandamiza: tak.
Kisigino nje, kama anayezima sigara: tak.
"Usivute juu, shangazi. Hung'oi karoti."
Hamsini kulia. Hamsini kushoto.
Paka wa jirani alikaa akahesabu nasi,
akachoka, akaondoka.

Nasa, naswa, nasua, nasuka:
kitenzi kimoja, na mimi kila upande wake.

Halafu akaniachia njia ya kando ya mto Schelde,
upepo usoni, mipopla imejipanga upande mmoja,
tishari la mchanga likipanda na maji bila haraka,
bendera yake imechanika pembe.
Huko ndiko nilikojua.
Maisha yangu yote nilikuwa nakanyaga;
sikujua mguu unaweza pia kuvuta,
kwamba kuna nusu ya duara niliyokuwa naipa baiskeli bure.
Wazee wa klabu wakanipita, jaketi za njano,
mmoja akainua kidole kimoja kutoka usukani.
Kimoja. Lakini alikiinua.

"Na kusimama?" nikamuuliza.
"Kusimama huanza mbali," akasema. "Ukifika kwenye taa
ndipo uamue, umechelewa. Toa kisigino
ungali unatembea."

Sikumjibu. Nilikuwa namfikiria Fons,
miaka minne nikivuta juu, juu, juu,
nikidhani nguvu ndiyo itakayonitoa,
na tulivyoanguka wote wawili pale pale jikoni,
bila mwendo wowote,
sahani zikiwa bado mezani.
Kisigino tu. Kando kidogo.
Nani alikuwa wa kuniambia.

Alhamisi nikarudi mjini peke yangu.
Taa ile ile. Kutoka duka la mikate nikaanza:
kisigino nje, tak, mguu wa kushoto unaning'inia
kama wa mtu asiye na shida duniani,
breki, kanyagio la kulia chini, ardhi.
Ti.
Nikasimama pale, mguu mmoja Ubelgiji,
mmoja bado angani.
Nikatazama dirishani. Verhaeghe alikuwa amegeuka,
anamkatia bibi mmoja ini.
Hakuna aliyeona.

Basi nikazunguka mtaa mzima, nikapita nyuma ya kanisa,
nikarudi, kisigino tayari nje, shingo ndefu kama bata.
Taa ikawa kijani.

Na yeye mlangoni, ameinua mkono.

Nikarudisha kiatu bila kutazama chini,
tak,
nikapita.