Kisahani cha Nne

Dundee, Januari, saa moja asubuhi na giza bado.
Nafungua kabati lenye joto la mwili:
nyuzi thelathini na saba,
kama kwapa la mtoto aliyelala.
Humo zinaishi.

Zilitoka kwenye tezi ya mwanamume nisiyemjua,
amekufa mimi sijajua kusoma,
nazo mpaka leo hazijapata habari ya msiba.
Kila siku ya tatu naziletea mchuzi wao mwekundu.
Kila siku ya tatu zimeongezeka.

Safari hii ni komamanga.
Maganda niliyamenya mwenyewe, nikayakausha,
nikayasaga, nikayachuja
hadi yakabaki matone ya rangi ya kutu.
Mikrogramu kumi. Ishirini. Hamsini.

Shemeji Mwanakombo kapiga simu kutoka Muheza:
"Nasikia mmepata dawa. Kaka yako haamki chini ya mara sita usiku.
Nimchemshie maganda mangapi?"
Shemeji, hata chumvi ikizidi itaziua hizi.
Hata sabuni.
Kuziua kwenye kisahani si kazi,
kazi ni kuziua mtu akabaki.
Mpeleke hospitali.
Kimya. Kisha: "Anaona haya, vile wanavyopima."

Saa arobaini na nane. Darubini.
Kisahani cha kwanza, zimetanda kama mkeka.
Cha pili, mkeka umetoboka.
Cha tatu, zimejikunja, zimeng'oka,
zinaelea kama pumba kwenye maji ya mchele.
Nikamwita Eilidh kwa sauti isiyo ya maabara.
Akainama, akatazama, hakunipa hongera.
"Na cha nne?"

Cha nne hakina komamanga.
Kina kiyeyusho kitupu, kile cha kuyeyushia maganda,
kipimo kile kile.

Nacho, pumba tupu.

Nikaandika kwa wino, tarehe, saa, jina langu:
huenda si tunda lililoua.
Kalamu ilikuwa nzito pale kwenye "si".
Eilidh akaweka maji ya chai jikoni, akasema
kesho tupunguze kiyeyusho, tuanze upya.

Nateremka Perth Road, theluji imegeuka tope.
Mfukoni nina barua ya daktari tangu Novemba,
nimeikunja mara nne, kingo zimeanza kulika:
umeshapita hamsini, njoo utolewe damu.
Namba ya simu iko chini, tarakimu kumi na moja.
Nasimama penye taa ya duka la samaki na chipsi
nazisoma,
kisha nazisoma tena.