Njumu za Lutengano

Kila Jumatatu ananiletea njumu zake,
kamba zimefungwa pamoja kama kuku wawili wa gulioni.
Anazitua mbele yangu, hasemi.
Anapindua ndoo, anakaa, anapukuchua muhindi wa kuchoma
punje kwa punje,
macho yako Loleza. Mlima umejivuta blanketi la ukungu,
na saa nne hii bado hautaki kuamka.

Sihitaji kuambiwa.
Mwaka wa tisa huu nashona viatu hapa Kabwe.
Mdomo wa mtu hudanganya;
soli, hata ikiachama, husema kweli.

Za mazoezi zimelika ukingo wa ndani, kushoto:
hapo ndipo anapokatia krosi, mia kwa siku,
hata wenzake wakishaenda kuoga.
Lakini jozi ya mechi!
Meno yake meupe kama ya mtoto aliyeota juzi.
Chokaa kidogo tu kwenye ncha:
alijipasha kando ya mstari,
akamtazama kocha,
akarudi kukaa.
Wiki ya kwanza. Ya tano. Ya kumi na moja.

Mchezaji wa kulipwa, ndivyo mtaa unavyomwita.
Alisaini Julai, kwa kalamu ya kuazima,
picha ikapigwa, skafu shingoni, meno yote nje.
Mama kule Kiwira kaibandika juu ya pipa la unga.
Mshahara wa Agosti ulifika Oktoba, nusu.
Nusu ya pili, katibu alisema, iko njiani,
nasi njia hiyo tunaijua:
foleni ya malori, Tunduma, siku mtambo umegoma.
Ile nusu ikala kodi ya chumba Isanga
na mfuko mmoja wa mbolea ya viazi vya mama.
Mimi sikumdai.

Njumu za kwanza alizovaa maishani zilikuwa zangu,
namba arobaini na mbili; yeye mguu wake thelathini na tisa.
Nilijaza mbele vipande vya kitenge.
Sikuwa na haja nazo tena.
Goti langu liliishia Tukuyu, mvua ya Aprili,
dakika ya kumi na nane.
Basi, tuliache huko.

Jumamosi nilikuwa nagonga kisigino cha mwalimu mmoja
redio ya muuza parachichi ikapayuka:
anaingia Lutegani... Lutegano,
jezi namba thelathini na saba.
Nyundo ikabaki juu.
Mama akapiga simu anafoka:
"Mtangazaji huyo hakusoma? Lu-te-nga-no!
Nilimpa jina la amani, si la mtego!"

Dakika sita, na nyongeza.
Aligusa mpira mara nne, nilihesabu.
Krosi moja ilivuka kila kichwa
ikaenda zake.
Tulifungwa moja bila.

Leo kaja na jozi ya mechi.
Matope yamekauka katikati ya meno, na majani,
na ubavuni, kulia, ngozi imechanika:
beki fulani amemkaribisha kazini.
Nikaikagua kuliko ilivyohitaji.
Nikashona uzi mara mbili, nikapaka nta.
Yeye na muhindi wake.

"Shilingi ngapi, fundi?"

Hajawahi kuuliza. Hajawahi kuniita fundi.
Nilitaka kusema, una wazimu wewe, hebu ondoka hapa.
Nikasema, "Elfu tatu."
Akatoa elfu kumi, mpya, imekunjwa mara moja tu.

Nikachechemea kibanda hadi kibanda, Kabwe nzima,
natafuta chenji,
nikarudi nikamhesabia mkononi, kwa sauti,
noti baada ya noti,
mpaka ya mwisho.