Ndoo Kando ya Mlango

Karatasi ilibandikwa mwezi wa tatu:
mikono miwili ya buluu, povu, mishale sita.
Chini yake mtu akaandika kwa kalamu, *maji yako wapi?*
Hakuna aliyemjibu. Nadhani ni mimi niliyeandika.

Tulipelekwa semina, hoteli ile inayotazama ziwa.
Siku tatu. Soda, biskuti, pesa ya usafiri.
Mwalimu akatupaka dawa viganjani, akazima taa,
akatuonyesha uchafu unavyong'aa katikati ya vidole.
Tukashangaa kwelikweli. Tukapiga picha.
Jumatatu nikapokea watoto wanne kabla ya saa sita
kwa mikono niliyonawa mara moja tu,
alfajiri, nyumbani, Kadutu.

Usiniite mvivu.
Bomba lilikuwa mwisho wa korido,
hatua thelathini na nane, nimezihesabu,
na mama anayesukuma hasubiri hatua thelathini na nane.
Tena bomba lenyewe lilikuwa likikohoa tu tangu Pasaka.

Aliyeanza hakuwa na cheti.
Mama Cibalonza, wa kufagia,
alichoka kupanga bidoni kule mwisho asikofika mtu.
Siku moja akaburuta ndoo yenye kibomba
akaiweka kando ya mlango wa chumba cha kujifungulia,
njiani kabisa, mtu ajikwae.
Tukajikwaa. Tukamlaumu. Tukanawa.

Halafu daktari Mushagalusa, yule asiyesalimia,
akasimama pale na mikono yake mirefu,
akanawa polepole kama mtu aliye peke yake,
na sisi nyuma yake tukingoja kuingia,
tukitazama viganja vyetu
kama wanafunzi waliosahau daftari.
Hakusema neno. Angesema, ningembishia.

Lakini iliyonishika ni sauti ndogo.
Nsimire, mimba ya kwanza, miaka kumi na tisa,
kati ya uchungu na uchungu akaniuliza:
"Dada, umenawa?"
Miaka kumi na mmoja ya kazi,
hakuna mgonjwa aliyewahi kuniuliza.
Nilikasirika. Nilitoka. Nilinawa.
Niliporudi alikuwa anacheka, jasho usoni.

Sasa mikono yangu inakwenda yenyewe,
kama inavyotafuta kibiriti umeme ukikatika.
Wageni wa mradi walikuja na fomu, wakauliza
ni nini hasa kilichobadilisha mwenendo wetu.
Mkuu akasema, semina.
Wakaandika: semina.

Mama Cibalonza alikuwa nje, kwenye ngazi za matope,
bidoni ya lita ishirini mgongoni,
mkanda ukimkata paji la uso.
Mshahara wa miezi mitano haujamfikia.
Sabuni imebaki kipande, chembamba kama ukucha.
Nimekikata nusu.
Nusu nimeificha kwa ajili ya watu wa usiku.