Mahali Palipotajwa

Jina langu Mujinga. Mgeni wa pwani akilisikia
hushtuka kidogo, kama mtu aliyemkanyaga mwenzake.
Kwetu si tusi: ni mtoto aliyekuja
kiungamwana kimemzonga shingo.
Mkunga alizungusha mara moja, mara mbili, akakata,
akamwambia mama: Haya, kuanzia hapa ni wako.

Miaka arobaini na mitatu baadaye nikaagiza vigae.
Kontena moja la futi ishirini, maua ya bluu,
kutoka kwa bwana mmoja wa Foshan anayeandika barua
kama anayehesabu punje za mchele.
Kwenye fakturi, chini ya bei, herufi tatu:
CIF, kisha Dar es Salaam.
Nilisoma Dar es Salaam. Herufi nilizipita
kama unavyompita mlinzi aliyelala.

Pale Kasumbalesa dereva Simukonda alikuwa ameota ndevu foleni.
Kabwit wa duane akakata lakiri.
Mlango ulipofunguka
sauti iliyotoka haikuwa ya vigae,
ilikuwa ya changarawe inayomiminwa.

Nikaandika: Umenivunjia.
Akajibu kwa adabu: Mama, nauli nililipa hadi Dar.
Bima pia nililipa, ile ndogo kabisa,
inayojua moto na kuzama, isiyojua ufa.
Lakini hatari niliitua
pale mzigo ulipotua ndani ya meli, huku kwetu.
Tangu hapo ni yako.

Kumbe nilikuwa baharini.
Mimi, ambaye bahari sijaiona!
Usiku ule wimbi lilipoinua meli
nilikuwa Kamalondo nasonga bukari,
nagombana na Kapya juu ya karo ya shule,
na kumbe nilikuwa nayumba.
Nauli kwake, uchungu kwangu.

Nikamuuliza Kabwit: Hii ndiyo haki?
Akalamba kidole, akafunua kurasa, akafunga.
Mama Mujinga, hapa hapaandikwi haki.
Hapa panaandikwa wapi.

Neno hilo nililibeba nyumbani pamoja na vipande.
Njiani malori ya shaba yalitupita yakielekea kusini,
moja, kumi, nikaacha kuhesabu, vumbi likanipaka unga,
na kwa mara ya kwanza niliwaza kwamba nayo yana herufi zake.
Shaba yetu, Kabwit aliniambia, nyingi huachiwa langoni pa mgodi:
mnunuzi anaichukua na safari yake.
Tukiuza, njia ina faida, na si yetu.
Tukinunua, njia ina hatari, nayo ni yetu.
Njia ni ileile. Mashimo ni yaleyale.

Vipande viliuzika kwa ndoo. Fundi mmoja wa Katuba
alivichukua vyote vya bluu, hakunieleza vya nini.
Hasara sitaitaja; mume wangu anajua kusoma.

Mwaka huu nimeagiza tena, kwa bwana yuleyule.
Herufi nikazitanguliza: DAP.
Akaongeza dola elfu saba, nikakohoa;
akashuka hadi elfu sita na mia mbili.
Kushusha ni kwangu, ushuru ni wangu, hayo najua,
sikuomba anibebe mgongoni.
Sasa mahali, akasema. Niandike Lubumbashi?
Nikamwambia: Lubumbashi ni kubwa, bwana,
kigae kinaweza kufia ndani yake mara tano.
Andika: kizingiti cha bohari la Mujinga, Kamalondo,
upande wa saluni, pale simenti ilipobomoka,
anapolala mbwa wa Ilunga.

Akanyamaza siku mbili.
Kisha akauliza, kwa adabu yake ileile,
kama mbwa ni sehemu ya mkataba.

Nikamjibu: Aandikwe.